Nguzo Zilizopinduliwa: Namna ya Kujilinda na Ibada ya Sanamu Katika Maisha ya Kila Siku

Anayeingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, mjini Unguja, huoneshwa nguzo kadhaa za mawe zilizosimamishwa kichwa chini. Waongozaji husimulia kwamba Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini, na mafundi waliobaki, kwa kuwa hawakuwa wamepata kuona nguzo za namna ile, wakazipindua. Aliporudi, akaziacha zilivyo. Jiwe lenyewe ni zuri, na mkono wa mchongaji ulikuwa mzuri, ila la juu limekuwa chini na la chini limekuwa juu. Katika miaka yangu ya kuwafundisha vijana wanaojiandaa kwa kipaimara, nguzo zile zimenisaidia kueleza sanamu kuliko maneno mengi. Tumezoea kuidhania sanamu kuwa kitu kiovu kinachotoka mbali na kuja kutubishia hodi. Mara nyingi ni kitu chema, kilichokuwa chetu tangu hapo, kama mshahara, mtoto, mchungaji au hata chupa ya mafuta ya kuombea, ambacho kimeondolewa mahali pake na kupandishwa pasipo pake.

Kanisa hilo lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na madhabahu yake inasimuliwa kuwa imewekwa pale pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watu waliokuwa wakiuzwa. Nalitaja hilo kwa sababu ya neno moja. Neno letu kuabudu lina asili moja na abdi, yaani mtumwa, kwa hiyo anayeabudu, kwa maana ya neno lenyewe, amejifanya mtumwa wa anachokiabudu. Amri ya kwanza katika Kutoka 20, "Usiwe na miungu mingine ila mimi", ilitolewa kwa watu waliotoka utumwani, na imetanguliwa na ukumbusho wa kutolewa huko. Basi swali la sanamu ni swali la nani anakumiliki, na mwongozo huu unahusu namna ya kulijibu swali hilo ukiwa jikoni, dukani, hospitalini na kanisani, hapa visiwani ambapo sisi Wakristo ni wachache na jirani zetu karibu wote ni Waislamu.

Anza kwa kujua unamkimbilia nani

Usianze kwa kuchungulia mikono ya wenzako kutafuta hirizi. Anza na daftari. Kwa muda wa siku saba, kila usiku kabla ya kulala, andika mambo mawili: jambo lililokutia hofu siku hiyo, na mtu au kitu ulichokikimbilia kwanza baada ya kuingiwa na hofu. Usiandike ulichopaswa kukikimbilia. Andika ulichokikimbilia kweli. Ikiwa uliposikia kwamba hoteli inapunguza wafanyakazi ulifungua simu kutazama salio kabla hujasema hata "Bwana, nihurumie", liandike hivyo. Ikiwa ulimpigia kaka yako aliye Dar es Salaam, andika kaka. Hakuna dhambi katika kutazama salio wala katika kumpigia ndugu, na zoezi hili halikusudii kukufanya ujilaumu kwa kila pumzi. Linakusudia kukuonesha njia iliyokanyagika moyoni mwako, maana mguu hujua njia uliyoizoea hata gizani.

Siku ya nane soma ulichoandika, kisha jiulize maswali mengine mawili yaliyo magumu zaidi. Ni kitu gani ambacho kwa ajili yake nimesema uongo wiki hii? Na ni nani niliyemuumiza ili nisikipoteze? Maswali haya yana nguvu kwa sababu sanamu hudai kafara, na kafara hiyo kwa kawaida hutoka kwa mtu mwingine. Baba asiyewaona wanawe kwa sababu ya zamu za ziada ambazo hazihitaji tena, na mama anayemkana binti yake kwa kuogopa maneno ya mtaa, wote wamekwisha kutoa kafara hata kama hawajawahi kukanyaga kilingeni kwa mganga.

Wakati mzuri wa kulifanya zoezi hili ni masika. Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli za Nungwi na Kiwengwa hupumzisha watu wengi, na mvua hutufungia ndani. Wakati huo ndipo mtu anapojua alikuwa akiegemea nini miezi yote ya biashara nzuri.

Vitu vilivyomo nyumbani

Baada ya daftari, pitia nyumba. Fungua kabati, tazama juu ya mlango, chini ya mto wa mtoto, ndani ya droo ya fedha. Unatafuta kitu chochote ulichokiweka ili kikulinde au kikuvutie riziki kwa nguvu iliyomo ndani yake: hirizi, uzi mweusi, karatasi iliyoandikwa na kukunjwa, kichupa kilichozikwa kizingitini. Unatafuta pia vitu vyenye sura ya Kikristo vinavyofanya kazi ile ile, kama vile chumvi, maji, kitambaa au stika ya mhubiri, vilivyonunuliwa kwa ahadi kwamba mwizi hatapita mlangoni au mteja hatapita bila kununua. Tofauti ya lebo haibadilishi kilichomo.

Ukivipata, usiviuze na usimpe mtu mwingine. Katika Matendo 19 watu wa Efeso walioamini walivileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ilipohesabiwa ilikuwa vipande elfu hamsini vya fedha. Wangeweza kuviuza na kuleta fedha kanisani, nao hawakufanya hivyo. Yakobo naye, katika Mwanzo 35, aliifukia miungu ya nyumba yake chini ya mwaloni wa Shekemu. Kuchoma au kufukia, yote mawili yanatosha. Ukiogopa kuvishika, mwite mzee wa kanisa au padri mkavishughulikie pamoja, kisha msome Zaburi ya 115, inayoeleza sanamu zenye macho zisizoona na zenye mikono zisizoshika. Fanya mchana, bila ngoma wala kelele. Wengine hupenda kuligeuza tukio kama hilo kuwa tamasha la kupigwa picha, na mimi naona kuwa hapo tumebadilisha sanamu moja kwa nyingine.

Jambo moja lisisahaulike. Vitu vya kuchoma ni vyako, si vya jirani. Katika sura hiyo hiyo ya Matendo, Demetrio mfua fedha alipoutia mji ghasia, karani wa mji alisimama akashuhudia kwamba Paulo na wenzake hawakuwa wezi wa mahekalu wala hawakumtukana mungu mke wa mji ule. Mtume aliyehubiri waziwazi kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu aliishi Efeso kwa namna ambayo hata asiyeamini aliweza kumtetea. Kwetu sisi tunaochota maji kisima kimoja na watu wa imani nyingine, huo ni mpaka unaopaswa kulindwa kwa bidii ile ile tunayoilinda nayo amri ya kwanza. Tena tukumbuke kwamba neno ushirikina tumelichota kwa hao jirani. Ni kumshirikisha Mungu na kitu kingine, jambo ambalo dini yao inalikemea vikali. Mganga wa kienyeji hana kabila wala dhehebu, na anayekwenda kwake usiku huenda akapishana mlangoni na muumini mwenzake. Ajabu ya lugha ni kwamba neno hilo lina mzizi mmoja na ushirika, jina tunaloiita meza ya Bwana. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba meza hizo mbili haziwezi kuliwa na mtu mmoja, na Kiswahili kimeziweka karibu kiasi cha kututisha.

Mtoto anapougua

Hapa ndipo wengi huanguka, na nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo. Mtu anaweza kushinda jaribu la fedha kwa miaka ishirini, halafu akashindwa usiku mmoja mtoto anapokakamaa kwa degedege.

Kwanza, tenga dawa na uganga. Mwarobaini, mchaichai, mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma, hivi ni viumbe vya Mungu, na anayevijua matumizi yake ana elimu, hana pepo. Yapo maswali machache yatakayokusaidia kutofautisha. Je, anayekutibu anataka jina la mama yako kabla ya kukutazama? Anapiga ramli? Anaagiza kuku wa rangi fulani, au kitu kitakachopelekwa mzimuni? Anakutajia jirani au wifi kuwa ndiye aliyekuroga? Ukisikia moja kati ya hayo, simama uondoke, hata kama ameanza kwa kusoma Baba Yetu. Hilo la kutajiwa aliyekuroga ndilo lenye sumu kuliko yote, kwa kuwa humwacha mgonjwa na ugonjwa wake na kumwongezea adui.

Pili, panga mapema. Andika namba ya dereva mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku. Weka kando nauli ya kufika kituo cha afya au Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa mjini, na kwa aliye Pemba, hospitali iliyo karibu naye. Patana na mwenzako wa ndoa, mkiwa mmetulia, kwamba mtoto akiugua mtaomba na kuondoka wakati huo huo, wala hamtasubiri ushauri wa ukoo. Degedege mara nyingi huletwa na homa kali, na kila saa inayopotea kwa kutafuta nani kamtupia jicho ni saa inayoondolewa katika uhai wa mtoto. Watu wengi hawaendi kwa mganga kwa sababu wanamwamini. Wanakwenda kwa sababu ni saa nane za usiku, hawana nauli, na mganga yuko nyumba ya tatu.

Tatu, jifunze kukataa kwa adabu. Jirani mtu mzima atakuja na kombe, yaani maandishi yaliyooshwa kwa maji ili yanywewe, au uzi, na atakuja kwa huruma ya kweli. Ukimkemea, umemvunjia heshima mtu aliyeacha usingizi wake kwa ajili ya mwanao.

"Mwanangu, mfunge hii mkononi. Wajukuu zangu wote imewafaa."

"Shikamoo, Bibi, na ahsante sana kwa kuja. Huruma yako nimeipokea yote. Hii sitaifunga, kwa kuwa mtoto tumemweka mikononi mwa Mungu na sasa tunampeleka hospitali. Nishikie huyu mdogo tafadhali, mpaka turudi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Umekataa uzi, lakini mtu hukumkataa, na umempa jambo la kufanya ambalo ni jema kwenu nyote.

Nyama ya jirani

Wageni kutoka Bara huniuliza swali hili kila mwaka: je, nyama inayochinjwa na Waislamu, ambayo ndiyo nyama karibu yote inayouzwa Darajani na kwingineko, ni nyama iliyotolewa kwa sanamu? Jibu langu ni hapana. Hakuna sanamu iliyotajwa machinjioni, na Paulo katika 1 Wakorintho 10 anasema wazi kwamba kinachouzwa sokoni kiliwe bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Sahani inayoletwa siku ya Idi ipokelewe kwa mikono miwili na irudi na kitu ndani yake siku ya Krismasi. Lakini Paulo huyo huyo anaongeza kwamba ukiambiwa, "Hiki kimetolewa sadaka", usile. Ukiletewa nyama ya kafara iliyopelekwa mzimuni, au ukaalikwa kwenye ngoma ya pepo ambayo chakula chake kimeandaliwa kwa ajili ya pepo, shukuru na ujizuie. Ikiwa dhamiri ya ndugu yako ni dhaifu katika hili, usimcheke. Kula samaki siku anapokuja kwako.

Fedha, karafuu na simu

Wakolosai 3:5 inasema kwamba kutamani ndiyo ibada ya sanamu. Katika orodha nzima ya dhambi zilizotajwa pale, hiyo ndiyo pekee iliyopewa jina hilo, na bado ni nadra kusikia mtu akiitwa mbele ya wazee kwa sababu ya tamaa.

Njia ya kuipima ni kutazama mshahara wa watu wengine ulio mkononi mwako. Mwenye mikarafuu Pemba huwalipa wachumaji kwa pishi, kipimo chetu cha kujaza, na pishi inaweza kujazwa au kulaliwa. Lipa siku uliyoahidi, pima kwa pishi uliyokubaliana nao, na mchumaji akianguka mtini usiache gharama za matibabu ziwe juu yake peke yake. Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele. Mtu anayetoa fungu la kumi kanisani kutokana na pishi iliyopunjwa amepeleka madhabahuni sehemu ya alichomwibia maskini. Mambo mengine ya fedha yanajulikana: toa sadaka kabla ya kutumia na si katika masalio, na usibeti, kwa kuwa kubeti ni ramli iliyovaa jezi ya mpira.

Kuhusu simu, ushauri wangu ni mfupi. Isilale chumbani, na isiwe ya kwanza kushikwa asubuhi. Ukiona kwamba huwezi, daftari la siku saba limekwisha kukujibu.

Msalaba, rozari na mtumishi wa Mungu

Wakristo wa visiwani hatukubaliani kuhusu picha na sanamu za kanisani, na mwongozo huu hautamaliza mabishano hayo. Kanisa la Minara Miwili la Shangani, la Wakatoliki, lina sanamu na michoro ukutani. Huko Pemba, Marafiki, waitwao pia Quakers, waliofika mwishoni mwa karne ya 19 na kufanya kazi Banani karibu na Chake Chake, kwa desturi yao husali mahali pasipo na madhabahu, msalaba wala picha. Baraza la pili la Nikea, mwaka 787, lilitenganisha heshima inayopewa picha na ibada inayompasa Mungu peke yake. Upande mwingine wa Ukristo unaona kwamba watu wa kawaida hawawezi kuutunza mpaka huo.

Mimi nasali Mkunazini, penye msalaba ambao mbao zake zinasimuliwa kutoka katika mti ambao chini yake moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa, kwa hiyo upande wangu unajulikana. Lakini kipimo ninachowapa vijana kinatoka katika 2 Wafalme 18. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu wakapona walipomtazama. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kitu kilichoagizwa na Mungu kikawa sanamu bila kubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu. Basi mwenye rozari au msalaba shingoni ajiulize: nikiusahau nyumbani, je, nasikitika kwa kukosa kumbukumbu, au naogopa kwa kukosa kinga? Akiogopa, auache nyumbani kwa mwezi mmoja, na aombe bila huo.

Mtumishi wa Mungu naye anaweza kuwa nyoka wa shaba. Huko Listra watu walipotaka kuwachinjia Paulo na Barnaba ng'ombe kama miungu, mitume hao walirarua mavazi yao na kukimbilia kati ya watu wakipaza sauti kwamba wao ni wanadamu tu. Ukitaka kumjua mchungaji au nabii wako, tazama anafanya nini anapotukuzwa kupita kiasi. Usiweke picha yake mahali unapoomba. Usimkabidhi uamuzi wa ndoa yako au biashara yako kama vile Mungu hasikii sauti yako.

Ukiwa umekwisha kuanguka

Nilikuwa na duka dogo, na kwa karibu mwaka mzima niliweka katika droo ya fedha chupa ya mafuta niliyouziwa na mhubiri mmoja mgeni kwa bei ambayo naona haya kuitaja. Kila asubuhi nilijipaka kidogo kabla ya kufungua. Siku niliposahau nilifunga duka nikarudi nyumbani kuyafuata, na mteja wa kwanza, mtoto aliyetumwa mkate, akaondoka mikono mitupu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha amri kumi kila Jumamosi.

Aliyefika hapo afanye haya. Amwambie mtu mmoja mzima katika imani, kwa sauti, akikitaja kitu chenyewe kwa jina. Asijiwekee adhabu ya kufunga siku arobaini ambayo nayo itageuka kuwa fahari. Arudishe alichochukua, ikiwa kuna mtu aliyeumizwa. Mimi nilimtafuta yule mtoto nikampa mkate, naye akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kisha akirudishe kitu mahali pake, ikiwa kina mahali. Hirizi haina mahali, na dawa yake ni moto. Mafuta yanapo: wazee huwapaka wagonjwa kwa mafuta, kama Waraka wa Yakobo unavyoagiza, na nyumba huyapikia. Ile chupa yangu niliibandua karatasi yake nikaichoma, na mafuta yaliyobaki, ambayo hayakuwa tena na harufu ya kufaa chakula, niliyatia katika bawaba za mlango wa duka, uliokuwa ukilia tangu niliponunua.